Tumbo la Baba Mkwe

Eucabeth alizaliwa na wivu kama watu wengine wanavyozaliwa na mwanya. Haukumjia ukubwani, wala hakuna aliyemtia. Alipokuwa mtoto hapo Migori mjini, ambako mama yake aliuza ndizi karibu na stendi, alimnunia dada yake wiki nzima kwa sababu dada aling'olewa jino akapewa soda. Siku ya harusi yake mwenyewe, gauni jeupe mwilini na kanisa zima la Wasabato likimtazama, alimwonea wivu msimamizi wake kwa kuwa viatu vyake vilimkaa vizuri mguuni. Yeye mwenyewe aliijua tabia hii na haikumpendeza. Aliiombea, akafunga kula kwa ajili yake, ikapungua kidogo, kisha ikarudi.

Usimdhanie mbaya, lakini. Mkono wake ulikuwa mwepesi wa kutoa, na kazini hakutaka mchezo. Aliajiriwa katika kituo kimoja cha binafsi mjini Homa Bay, mahali pa kupiga picha za ndani ya mwili, na kwenye chumba cha mashine ya CT walikuwa wawili: yeye na Lorine, binti wa Rusinga, mrefu, mcheshi, asiyejua kununa. Walikuwa wamesoma chuo kimoja na kuhitimu siku moja. Wagonjwa walimpenda Lorine kabla hajafungua mdomo. Eucabeth walimheshimu. Tofauti hiyo ilimkereketa rohoni, maana na yeye alitamani kupendwa kidogo kabla ya kuheshimiwa.

Basi siku moja akaletwa pale Mzee Machuki, baba mkwe wake.

Mzee Machuki alikuwa Mkisii aliyehamia Migori ujanani, akafungua duka la mabati na misumari, akawa mzee wa kanisa. Kwa miezi kadhaa tumbo lilikuwa likimsumbua. Akila tu, upande wa juu unamkaza, anaacha chakula na kwenda kuegemea mlango. Daktari wake akataka apigwe CT ya tumbo. Mashine ya karibu ilikuwa imeharibika, ndipo akatumwa Homa Bay, na mkewe Mama Nyanchoka akaja naye akiwa na chupa ya uji kwapani. Walipofika, mzee alimkuta Eucabeth amesimama mlangoni na koti lake jeupe. Mzee akageuza uso, akautazama ukuta.

Asiyewajua Wakisii atadhani palikuwa na ugomvi. Hapakuwa na ugomvi wowote. Kuna kitu wanakiita chinsoni, heshima iliyochanganyika na haya, inayopanga nani aketi wapi na nani asione nini. Baba mkwe na mkaza mwana hawapeani mikono. Mkaza mwana hakanyagi chumba anacholala mzee, na mzee akioga, mkaza mwana hutafuta kazi ya mbali. Mzee Machuki aliishika chinsoni mkono mmoja na Biblia mkono wa pili, na hakuwahi kuviona vikigombana. Sasa mke wa mwanawe angemlaza vipi kwenye kitanda cha mashine, ampandishe shati, kisha akae mbele ya kioo cha kompyuta kulitazama ini lake na matumbo yake? Ikiwa ngozi ya nje ni mwiko, sembuse ya ndani?

"Ni nani atanipiga hiyo picha?" mzee akauuliza ukuta.

"Ni Lorine, Tata," Eucabeth akajibu, akimwita baba kwa lugha ya kwao. "Mimi natoka nje."

"Hiyo ni sawa."

Eucabeth akatoka, akaketi kwenye benchi na mama mkwe, akammiminia uji. Moyoni alijipongeza. Alisema, leo wameona nimelelewa vizuri, na jioni Mama atamwambia mtu.

Mlango ulipofunguliwa, Lorine hakuwa anacheka. Alimvuta Eucabeth pembeni, akimwita binti wa Kisii kwa Kijaluo chake.

"Nyar Kisii, tumbo sioni kitu mbaya sana. Lakini moyo ya huyu mzee ni kubwa, aki. Imelala mpaka karibu na mbavu. Nimempigia yule daktari wa kusoma picha Kisumu, ameangalia, anasema ni kweli."

Labda unajiuliza moyo umeingiaje kwenye picha ya tumbo. Picha ya tumbo haianzi tumboni. Ili usikose kipande cha ini, unaanzia juu kidogo, pale mapafu yanapoishia, na hapo sehemu ya chini ya moyo huingia pichani hata kama hakuna aliyeiita. Daktari ameuliza habari za tumbo, kwa hiyo watu wengi huvipita vile vipande vya mwanzo haraka, kama mtu anavyopita vibanda vya viatu akielekea kununua samaki. Lorine hakuvipita. Ule moyo ulikuwa umechoka kusukuma, damu ikawa inarudi nyuma na kujaa kwenye ini, na ini likivimba mzee anaona tumbo linamkaza. Miezi yote ile alikuwa anatibiwa vidonda vya tumbo ambavyo hakuwa navyo.

Mama Nyanchoka aliposikia, alimkumbatia Lorine palepale mlangoni, akamlilia begani. Mzee mwenyewe alimshika mkono, mkono wa Lorine, akautikisa na kuutikisa. Eucabeth alisimama na kikombe cha uji. Hakuna aliyemwambia asante kwa kutoka nje.

Dawa za moyo zikaanza, mzee akaanza kula, na sifa za Lorine zikavuka kutoka Homa Bay hadi Migori na kurudi. Mama Nyanchoka akipiga simu, salamu ya kwanza ilikuwa ya Lorine. Kanisani aliombewa kwa jina. Kisha akatumiwa kuku, na unadhani kuku huyo alipelekwa na nani? Eucabeth alimsafirisha mwenyewe kutoka Migori, jogoo mkubwa ndani ya kikapu, akimdonoa kifundo cha mguu njia nzima. Alipomkabidhi, Lorine alipiga vigelegele. Wiki iliyofuata zikafuata ndizi, mkungu mzima, na safari hii Mama alisisitiza asikate hata moja njiani.

Wivu ulimkaba. Tuseme wazi, kwa sababu yeye mwenyewe aliusema wazi, jioni, akimpakulia mumewe Angwenyi chakula.

"Hata mimi ningeona."

"Lakini hukuona," Angwenyi akasema. Alikuwa mtu mpole, asiyejua kuacha neno lipite.

"Sikuangalia! Ningemwangalia aje baba yako?"

"Si ndiyo nasema. Ulifanya vizuri."

"Nilifanya vizuri, na kuku amekula nani?"

Angwenyi akanyoosha sahani. Eucabeth akampakulia mchuzi bila nyama.

Lakini lile neno lilimkaa: hukuona. Lilimfuata kazini. Kila alipomlaza mgonjwa, alijiuliza kama siku ile, yeye mwenyewe akiwa kwenye kiti, angesimama kwenye vile vipande vya mwanzo au angevipita. Alitaka kujua hilo tu. Na picha za mzee zilikuwa bado kwenye kompyuta.

Mchana mmoja Lorine akaenda kununua samaki. Eucabeth akafunga mlango kwa ndani, akalitafuta jina la Machuki. Akavua leso aliyojifunga kiunoni, akaikunja, akaining'iniza juu ya kioo hivi kwamba nusu ya chini yote ikafunikwa. Moyo hautajwi kwenye chinsoni, alijiambia. Ataangalia moyo peke yake, tumbo la mzee libaki la mzee.

Akauona moyo. Ulikuwa mkubwa kweli, na angeuona, aliapa angeuona, ingawa ni rahisi kuona kitu ukishaambiwa kipo. Hapo angefunga kompyuta na mambo yangeisha. Lakini mashine ile humpita mgonjwa zaidi ya mara moja: mara ya kwanza dawa ya rangi ikiwa imetoka tu kuchomwa mshipani, mara nyingine ikiwa imeshaenea damuni. Eucabeth akagundua kwamba zile picha za baadaye Lorine hakuzituma zote Kisumu. Mtandao siku hiyo ulikuwa unavuta miguu, na swali lilikuwa la tumbo, kwa hiyo alizikata juu akatuma za chini. Zile za juu daktari hakuwahi kuziona.

Akazifungua. Damu ndani ya moyo ilikuwa nyeupe yote kwa ile dawa, isipokuwa kwenye ncha. Pale palikuwa na doa jeusi, kama punje ya haragwe, limeshikilia ukuta. Alisogeza juu, akasogeza chini. Kwenye picha za kwanza doa lilikuwepo pia, ila hapo mtu angesema dawa haijachanganyika. Hapa ilikuwa imechanganyika vizuri na bado doa lilikataa rangi. Donge la damu. Damu inayozunguka polepole katika moyo mchovu huweza kuganda hivyo, na donge likichomoka hupanda kichwani, na mtu aliyekula chakula cha mchana akicheka anaangushwa na kiharusi kabla ya chai.

Kitu cha kwanza alichokihisi, Mungu amsamehe, kilikuwa furaha. Lorine hakuliona!

Hofu ilifuata, lakini ilikuja ya pili, na baadaye hilo ndilo lililomuumiza kuliko yote.

Akakaa na leso yake kwenye kioo akipima mambo. Akimpigia daktari mwenyewe, itafika Migori kwamba mke wa Angwenyi amemfungua baba mkwe kwenye kompyuta na kumtazama ndani. Kuhusu nusu aliyoifunika, nani angemsikiliza? Akimwambia Angwenyi, ni kama amemwambia Mama, maana Angwenyi hakuwahi kumficha mama yake chochote tangu azaliwe. Njia iliyobaki ilikuwa moja: amwambie Lorine, Lorine aseme ameangalia tena. Mzee atapona. Na Lorine atapata kuku wa pili.

Kuku wa pili! Hilo lilimshinda kumeza. Afiche aibu yake kwa kumwongezea mwenzake utukufu, tena kwa kosa ambalo mwenzake ndiye alilifanya? Lorine aliporudi na samaki wake, akamkaribisha kama kawaida, Eucabeth alisema hana njaa. Akajiambia atasema kesho. Kesho ikafika na wagonjwa wengi, akajiambia kesho kutwa.

Kabla ya kesho kutwa, Mama Nyanchoka akapiga simu. Safari hii hakuanza na salamu za Lorine.

"Mwanangu, kuna kitu imenishangaza. Mzee alikuwa anakunywa chai asubuhi, kikombe ikamtoka tu mkononi. Akaniita kwa jina ya dadake aliyekufa. Mdomo ulikuwa namna hii, upande. Halafu ikaisha, saa hii ako dukani anauza. Ama ni hizi dawa?"

Eucabeth alisema tu mzee aitwe nyumbani, alale, asibebe bati hata moja. Kisha akaingia chumba cha mashine. Lorine alikuwa anabadilisha shuka.

"Mzee ana donge la damu kwenye moyo. Liko kwenye picha za baadaye, zile hukutuma."

Lorine akasimama na shuka mkononi. "Umejuaje?"

"Nilifungua."

"Wewe? Baba mkwe wako?"

"Nilifunika tumbo na leso. Lorine, tafadhali, zitume sasa hivi. Na usitaje jina langu. Sema uliangalia tena, ukaona."

"Lini? Uliona lini?"

Eucabeth akaanza kukunja ncha ya shuka. Lorine alimtazama, akaelewa, na uso wake ukabadilika. Lakini hapakuwa na nafasi ya kugombana. Akatuma picha, akampigia daktari, naye hakuchelewa hata kidogo: mzee apelekwe leo hii kwa wataalamu wa moyo. Jioni ile walimpima kwa mashine nyingine na kulikuta donge palepale. Wakamlaza, wakamwanzishia dawa ya kuzuia damu isigande, wakamwambia Angwenyi kwamba wangechelewa kidogo wangekuwa wanazungumza habari nyingine. Eucabeth alisimama nyuma ya mumewe akisikiliza. Siku alizonyamaza zilimpita kichwani, akaomba ardhi ipasuke.

Sasa ungetegemea wivu ufe hapo. Haukufa. Mzee alirudi nyumbani akitembea, akiongea, na Mama Nyanchoka akatangaza kwamba Jumapili kutakuwa na chakula cha shukrani, na mgeni wa heshima ni nani? Binti aliyeona mara mbili.

Eucabeth ndiye aliyesonga ugali wa wimbi siku hiyo. Ndiye aliyechambua mboga za chinsaga, ndiye aliyemchinjisha na kumnyonyoa kuku, kuku wa pili, yule yule aliyekuwa akimwogopa. Kutoka jikoni alimsikia Lorine sebuleni akisimuliwa hadithi za ujana wa mzee, hadithi ambazo yeye, mke wa mwanawe, hakuwahi kusimuliwa. Moshi ulimwingia machoni na akashukuru kwa ajili ya moshi.

Chakula kikapangwa. Eucabeth akaingia na jagi la maji na beseni, apite akiwanawisha watu mikono. Mzee Machuki akasimama kuomba. Aliomba kwa urefu, kama wafanyavyo wazee wa kanisa, akaishukuru mbingu, akamshukuru daktari, akashukuru kwa dawa, kisha akamwomba Mungu ambariki binti huyu ambaye jicho lake lilirudi mara ya pili kumtafuta mzee asiye wa ukoo wake.

"Amina," wakasema wote, isipokuwa Lorine.

"Baba, samahani," Lorine akasema. "Hiyo ya pili sio mimi. Mimi hata ndiye nilikata zile picha. Ni Eucabeth aliona. Alifungua akaangalia, tumbo akafunika na leso. Nimenyamaza na nimeshindwa."

Eucabeth alikuwa ameinama na jagi, maji yakimwagika mikononi mwa Angwenyi na kupita hadi kwenye zulia. Kwa wiki nzima alikuwa ametamani mtu aseme maneno hayo, na aliogopa kama kifo mtu asije akayasema. Na hata katikati ya hofu ile, kijicho kikapata pa kuketi: hata ukweli, aliyeusema ni Lorine. Sasa atasifiwa kwa uaminifu.

Hakuna aliyesifu mtu. Mama Nyanchoka alijifunika mdomo kwa kiganja. Angwenyi aliangalia viatu vyake. Mzee aliutazama ukuta, kisha akachukua kofia akatoka nje, na Mama akamfuata. Waliobaki walisikia sauti zao nyuma ya nyumba, ya mzee ikiwa chini, ya Mama ikiuliza. Eucabeth akaliweka jagi sakafuni. Alijua yanayokuja. Alijiandaa kuchukua mkoba wake na kurudi kwa mama yake pale stendi.

Mama akarudi peke yake, akasimama mlangoni, akasema kama mtu aliyetumwa na anaogopa kusahau.

"Mzee amesema umevunja kitu. Atatafutwa mbuzi, na wazee wa ukoo waje waketi, hilo jambo liwekwe sawa. Amesema si kafara, yeye ni mzee wa kanisa, ni mbuzi wa kuliwa tu, Mungu anaelewa. Mpaka siku hiyo usiingie kwa hii nyumba. Chakula yako utakulia nje."

"Sawa, Mama," Eucabeth akasema.

"Ngoja, sijamaliza. Ile picha ya kurudia, wakitaka kuona kama donge imeisha. Amesema atapigwa na wewe. Mwingine asimguse. Amesema Lorine ni mgeni mzuri na ashukuriwe, lakini huyo aliyejua atatengwa na bado akafungua, huyo ndiye anataka amwangalie." Mama akavuta pumzi. "Na amesema wakati huo uache leso nyumbani. Uangalie yote."

Eucabeth alichukua sahani aliyopakuliwa, akapita mlangoni akiinamisha kichwa, akaketi chini ya ukingo wa mabati, karibu na dirisha. Upande wa pili wa ua mzee alikuwa amempa mgongo, akikagua kisichokaguliwa kwenye tangi la maji.

Kutoka ndani akaisikia sauti ya Lorine, ndogo, isiyo na mzaha, ikijaribu kucheka na kushindwa.

"Lakini moyo ni mimi niliona kwanza."

Watu walikuwa wameanza kula.

Eucabeth aliijua sauti ile; aliijua kama mtu anavyojua kikohozi chake mwenyewe. Alipaswa kumhurumia mwenzake, tena alidaiwa huruma nyingi siku hiyo. Akamega ugali, akauchovya kwenye mchuzi, akala kwa raha ambayo hakuwahi kuionja mezani kwa wakwe zake.